Unga wa Deni: Siku Nne Hadi Makindu

Alhamisi

Tumetoka Changamwe, Mombasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na Mjomba, na mifuko miwili ya unga wa ngano ya kilo 25 kila mmoja. Kondakta alitaka kuitoza nauli kama mzigo. Mjomba akamvuta kando, wakanong'onezana, na mifuko ikapandishwa bila neno. Nilipomuuliza amemwambia nini, alinijibu, "Nimemwambia ukweli, mwanangu. Kwamba unga huu ni wa kulipa deni la maiti."

Deni lenyewe ni la marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa utingo wake. Safari moja katika miaka ya themanini difu ya gari iliwafia karibu na Makindu, na tajiri wa gari akachukua siku tano kuleta spea. Pesa za njiani ziliisha siku ya pili. Siku zote zilizobaki walikula asubuhi, mchana na usiku katika hekalu la Makalasinga lililo kando ya barabara, na hakuna aliyewauliza jina wala dini. Baba alipita hapo mara nyingi baadaye, na kila mara alitumbukiza chochote kwenye sanduku la sadaka, lakini hakuridhika. "Kalasinga wa Makindu wananidai," alikuwa akisema hata alipostaafu, hata alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Tulipomaliza hitma yake, Mjomba alisimama mbele ya watu akayataja madeni yote ya shemeji yake aliyoyajua. La Makindu lilikuwa la mwisho. Sisi warithi tukakubali kulilipa kabla ya kugawana hata kijiko.

Kwetu Kenya tunawaita Makalasinga, na ndugu zetu wa Tanzania husema Singasinga. Wazee wanasema jina letu limetokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh. Wenyewe ni Masikh, neno la Kipunjabi lenye maana ya wanafunzi.

Mackinnon Road tumeshuka. Mjomba hapiti hapa bila kusimama, na baba naye alikuwa hivyo hivyo. Kando ya reli ya zamani kuna msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, mmoja wa watu walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akibeba udongo, karai halikugusa kichwa chake. Lilielea juu yake, na wenzake wakajua kwamba huyu si kibarua wa kawaida. Tumesoma Fatiha, tumetoa sadaka, tumekaa kivulini. Kuna madereva waliokuwa wakinawa uso kwenye bomba, mmoja wao kijana mdogo kabisa, na Mjomba alimwangalia kwa muda mrefu.

Nililiwazia sana lile karai. Ni neno tunalolitumia kila siku, fundi mwashi analichanganyia saruji na mama muuza mahamri analikaangia, na kumbe asili yake ni Bara Hindi, walikotoka watu hawa. Chapati pia, na tawa.

Jioni tumelala Voi kwa binti wa Mjomba.

Ijumaa

Tumesali Ijumaa Voi ndipo tukaondoka. Upepo wa Agosti ulikuwa unaburuta vumbi jekundu barabarani. Tulipanda matatu hadi Mtito Andei, na hapo tukabadilisha.

Kwenye daraja la mto Tsavo Mjomba aliinama dirishani kama mtu anayetafuta kitu. Ni hapa mwaka 1898 simba wawili walipowala wajenzi wa reli kwa miezi kadhaa, kazi ikasimama. Watu hulisimulia jambo hili kwa kumtaja Patterson, msimamizi Mwingereza aliyewapiga risasi mwezi Desemba mwaka huo, na simba wenyewe leo wamekaushwa wamewekwa makumbusho kule Chicago. Mimi ningependa watoto wetu walijue pia jina la Ungan Singh. Alikuwa jemadari, Sikh mwenye nguvu nyingi, na Patterson mwenyewe ameandika jinsi simba alivyotia kichwa ndani ya hema usiku akamkamata shingoni na kumburuta nje. Alikufa mbali sana na kijiji chake, kwa ajili ya reli ambayo bibi yangu aliipanda akiwa bibi harusi.

Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, wengi wao kutoka Punjab, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukipiga hesabu, ni kama watu wanne kwa kila maili ya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na kugusa ziwa Desemba 1901. Kandarasi zilipoisha wengi walirudi kwao, lakini watu 6,724 walibaki. Masikh waliokuja na reli wengi walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Pwani akitengenezewa kitu kikadumu, atakwambia kimefanywa na fundi wa Kikalasinga.

Toka Mtito Andei nchi inabadilika. Mibuyu inazidi, halafu mashamba ya mkonge ya Kibwezi yanafuatana mistari mistari, na upande wa kushoto vilima vya Chyulu vinaanza kujitokeza, vya bluu. Mjomba aliamka, akaanza kuhesabu malori tuliyopishana nayo. Ana huzuni yake na treni mpya ya 2017, ambayo anasema imebeba makontena pamoja na riziki za utingo. Hilo tuliache.

Tumefika Makindu jua linatua. Ni mji mdogo wa Ukambani, umejipanga kandokando ya barabara kuu, kilomita zaidi ya 300 kutoka nyumbani, na jina lake linanikumbusha ukindu wa kusukia mikeka. Enzi za garimoshi la mvuke treni zilisimama hapa kunywa maji, na palikuwa na mafundi wa kuzihudumia. Ukishajua hilo, huwezi tena kujiuliza kwa nini hekalu liko kijijini namna hii na si Nairobi. Mafundi walikuwa hapa.

Kabla hujaliona jengo unaiona bendera, Nishan Sahib, ya rangi ya machungwa, juu ya mlingoti mrefu uliovishwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo toka chini hadi juu. Usiku unapoingia, msafiri mwenye njaa anaweza kuielekea bendera ile bila kuuliza mtu. Mjomba alipoiona alishika mkono wangu akaukaza. "Shemeji alisema tuifuate ile," aliniambia. "Tulitembea toka gari lilipolala hadi hapa, tumbo limeshikana na mgongo."

Getini alitoa pakiti ya sigara mfukoni, akamwachia mwenye kibanda cha ng'ambo. Tumbaku na pombe haziingii humu, na yeye hajalisahau hilo kwa miaka yote.

Tulivua viatu, tukanawa. Mimi nilijitanda leso, Mjomba ana kofia yake ya vito, na hiyo inatosha, kwa sababu kinachotakiwa ni kichwa kufunikwa. Alitupokea mzee mmoja mwenye kilemba cha bluu na ndevu nyeupe hadi kifuani. Mjomba alimsalimu, "Sat Sri Akal," na mzee akamjibu kwa Kiswahili safi cha bara, "Karibu, baba. Mmekula?"

Mjomba alianza kumweleza habari za unga na deni. Mzee akainua kiganja taratibu. "Kuleni kwanza. Maneno yapo tu."

Tulikaa chini, kwenye busati refu, katika safu. Kulia kwangu alikaa mama wa Kikamba na mtoto mgongoni, na mbele yetu familia ya Kihindi iliyokuwa ikienda Mombasa arusini, wanawake na dhahabu zao. Kulikuwa pia na vijana wawili wa bodaboda. Wote sakafuni, wote kwenye sinia za chuma zenye vigawanyo. Walipita wagawaji na ndoo za dengu, mboga, wali wa maziwa, achari. Chapati ilikuja mwisho, na nilinyoosha mkono mmoja kama nilivyozoea. Mgawaji alisimama na chapati yake hewani, akitabasamu, hadi Mjomba aliponigusa kiwiko. "Mikono miwili, mwanangu. Iunganishe." Nikaiunganisha viganja juu, kama mtu anayeomba dua, na chapati ya moto ikatua humo.

Humu hakupikwi nyama kabisa, na sababu yake inapendeza: ili mtu wa dini yoyote aweze kuketi na kula bila wasiwasi. Baba hakuwa na haja ya kuuliza nani alichinja.

Jumamosi

Tulipewa chumba cha wageni. Chumba nacho hakina bei, mtu hutoa alichonacho. Niliamka kabla ya alfajiri kwa sauti ya harmonia na ngoma za tabla, laini, kama mtu anayembembeleza mtoto aamke. Baada ya kusali nilikwenda kukaa nyuma ukumbini, na Mjomba akanifuata.

Jana usiku niliona kitabu chao, Guru Granth Sahib, kikifunikwa vitambaa na kubebwa juu ya kichwa kupelekwa kulala, katika chumba chake, kwenye kitanda chake. Alfajiri kinaamshwa, kinaletwa vilevile juu ya kichwa, kinawekwa chini ya dari ya kitambaa na kufunguliwa. Wao kwao kitabu hiki ndicho Guru, yaani mwalimu mkuu, wa mwisho. Guru wa kwanza alikuwa Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, na baada yake wakafuatana wengine tisa. Wa kumi, Gobind Singh, hakumrithisha mtu, alikirithisha kitabu. Kina kurasa 1,430, na ndani yake mna maneno ya washairi wa Kiislamu pia, akiwamo Sheikh Farid. Nyuma yake aliketi mtu mwenye usinga mweupe akiupunga juu yake polepole. Usinga! Niliutambua mara moja. Kwetu pia ulikuwa chombo cha kuwaheshimia wakubwa.

Wengine walisujudu mbele ya kitabu. Mimi na Mjomba tuliketi tu, na hakuna aliyetukazia macho. Kijana mmoja alipita akitugawia donge dogo la kitu cha moto, tukapokea kwa mikono miwili. Ni unga wa ngano, samli na sukari, na samli yenyewe si ya kuonewa choyo, mafuta yanabaki kwenye vidole. Mjomba alilionja akanitazama. "Halua," alisema. "Halua ya ngano."

Baadaye tulimpata yule mzee bustanini. Mjomba alieleza tena, safari hii toka mwanzo: difu, siku tano, chapati zilizofungwa kwenye gazeti siku waliyoondoka, marehemu na wasia wake. Mimi nikaongeza kwamba katika dini yetu roho ya mtu huning'inia kwa deni lake, na kwamba tumekuja tumpumzishe. Nikamwomba, kama kuna daftari, waliandike jina la baba halafu walipige mstari.

Mzee alifikiri sana. "Daftari la vyumba lipo," alisema. "Anayelala anaandikwa. Anayekula haandikwi. Tangu lilipojengwa hekalu hili, 1926, hakuna anayejua ni nani aliyekula hapa."

Nilihisi vibaya, nakiri. Nilikuwa nimekuja na unga na machozi yangu tayari, na mtu ananiambia hakuna mdai. Mzee aliiona sura yangu. Akatusimulia hadithi ya mfalme Akbar wa Wamughali wa Bara Hindi, aliyemtembelea Guru wa tatu, Amar Das, kule Goindval. Inasemwa hata mfalme aliambiwa aketi kwanza sakafuni ale na watu wote, ndipo aonane na Guru, naye akaketi. "Sasa mfalme tungemwandikaje?" aliuliza mzee. "Na kama mfalme hakuandikwa, dereva wa lori tutamwandika kwa nini?"

Kisha akauliza kama najua kusukuma chapati.

Jikoni ni mahali ambapo ningeweza kuandika siku nzima. Kuna makarai ambayo mtoto wa miaka mitano angeoga ndani yake. Kuna tawa la chuma lenye upana wa kitanda. Wanawake wa Kipunjabi kutoka Nairobi, waliokuja kwa basi asubuhi kujitolea mwisho wa wiki, walikuwa wamekaa pamoja na akina mama wa hapa mjini, na lugha zilikuwa zinarukiana: Kipunjabi, Kikamba, Kiswahili. Mifuko yetu miwili ilikuwa imeshafunguliwa. Niliuona unga wetu ukimwagwa kwenye beseni na mwingine, ukapotea humo.

Chapati yao si kama yetu. Sisi tunapaka mafuta, tunaviringa, tunasukuma tena ili ipate tabaka. Hii haiviringwi wala haitiwi mafuta. Donge dogo, unga kidogo juu, unasukuma mara moja, duara jembamba kama leso. Ukiitupa kwenye tawa inatulia kidogo, ukiigeuza inatoa madoa, na ukiibonyeza ukingoni kwa kitambaa inavimba yote kama puto, halafu inashuka na kutoa pumzi. Hapo ndipo hupakwa samli. Zangu za kwanza zilikuwa na pembe. Bibi mmoja wa Kipunjabi, mkono wake wa kulia una ile bangili ya chuma wanayoivaa wote, alinigeuzia mkono wangu juu ya mpini wa kusukumia bila kusema neno na kuniongoza mara mbili. Ya tatu ilitoka duara. Akaniambia, "Shabash." Sikuhitaji mkalimani, maana nyumbani pia tunasema shabashi.

Nilisukuma hadi adhuhuri. Sijui ni ngapi. Kila moja iliyovimba niliinuia kwa baba, kimoyomoyo.

Mjomba walimpeleka kwenye sinia. Nilimkuta amekunja mikono ya kanzu, povu hadi viwikoni, anaosha pamoja na mzee mwingine wa Kikalasinga ambaye kumbe aliwahi kuwa fundi wa magari. Walikuwa wamesahau dunia. Walikuwa kwenye Safari Rally, wakibishana kuhusu dereva Joginder Singh: kama ushindi wake mkubwa ulikuwa ule wa 1965 na Volvo iliyokwisha tumika, au ile miwili ya Lancer, 1974 na 1976. "Tulikuwa tunapanda miti kumwona," alisema Mjomba, na uso wake ulikuwa wa kijana.

Jioni, pale bustanini, yule mzee alitueleza yaliyotangulia jengo. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi wa reli walikuwa wakikusanyika chini ya mti mahali hapa hapa baada ya kazi, wakiimba sifa za Mungu, na kwamba Wahindu na Waislamu waliokuwa nao walikaa pamoja nao. Hekalu likafuata. Baadaye kazi za reli zilipohama mafundi walihama nazo, na pakabaki kimya. Kuna masimulizi ya mtu aliyepanda farasi mweupe, aliyekuwa akionekana nyakati za usiku akililinda. Mzee aliyasema haya bila kupandisha wala kushusha sauti, na Mjomba, ambaye juzi alitoka kwenye kaburi la mtu wa karai lililoelea, alitikisa kichwa kwa kukubali kabisa. Mimi nilikuwa nawazia watu wawili waliobeba udongo kwenye reli moja, mmoja akabaki Mackinnon Road na mwingine akaja kuimba chini ya mti huu. Si ajabu walijuana.

Jumapili

Asubuhi watu ni wengi, magari yamejaa uwanjani toka Nairobi na Mombasa. Tumeaga mapema. Nilitaka kutoa pesa kidogo tulizochanga nyumbani, na mzee akanionyesha sanduku, akageuka kutazama upande mwingine nilipokuwa nikizitia. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa chakula.

Getini alituita. Alikuwa na kifurushi, chapati nne zimefungwa kwenye gazeti, na kachupa ka achari. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili, akakiangalia, akainamisha kichwa hadi kofia ikamfunika macho. Hakusema kitu. Mzee naye hakusema kitu, alimshika tu bega.

Alikwenda ng'ambo, nikadhani anafuata sigara zake. Alirudi bila pakiti. "Nimemwachia yule kijana wa kibandani," alisema.

Basi la Mombasa lilitukuta kituoni saa nne. Nimekaa dirishani, kifurushi kiko mapajani mwangu na bado kina joto. Tumevuka Kibwezi. Kuna lori limeegeshwa kando ya barabara, matawi yamewekwa nyuma na mbele kuonya magari, na watu wawili wamelala uvunguni kivulini. Mjomba amesimama tayari, anamwita dereva kwa sauti ya utingo ambayo sikuwahi kuisikia, "Shusha! Shusha hapa kidogo!", na amenyoosha mikono yote miwili nimpe kile kifurushi.